Maji ya Mapumziko

Siku hizo Kipenga alikuwa hanywi maji kabla ya kuyanusa. Alinusa kwa ujanja, kama mtu anayepangusa jasho juu ya mdomo, chupa mkononi, macho yakiwa mbali kwenye lango la uwanja. Lakini wifi yake, aliyekuwa ameipakata chupa hiyo tangu mpira uanze, hakuwa mtu wa kupitwa na jambo.

"Yameoza?" aliuliza.

"Nini?"

"Maji. Naona yanafanyiwa ukaguzi."

"Napangusa jasho, wifi."

"Haya. Pangusa, kisha unywe. Kipindi cha pili hakikungojei."

Kipenga akanywa. Ndimu, sukari, chumvi kidogo: mchanganyiko uleule wa kila mechi, uliotayarishwa jikoni kwake mwenyewe kwa mkono usio wake. Akameza, akasubiri. Na kama kawaida, chupa haijafungwa, mambo yakaanza. Kwanza muwasho nyuma ya koo, kama unyoya uliolala pale. Kisha kikohozi kikavu. Kisha kifua kikajifunga polepole, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba, na pumzi ikawa inatoka kwa mluzi mwembamba ambao yeye pekee aliusikia. Wifi yake alimpigapiga mgongoni. Kipenga aliuhisi ule mkono na akajiuliza kama ulikuwa unampa pole au unapima kazi imefika wapi.

Kipenga si jina alilopewa na wazazi. Alilipata mtaani tangu aanze kuchezesha mpira wa ligi, na likamkaa kuliko lile la kuzaliwa. Watu walisema hata majirani wakigombania kamba ya kuanikia nguo, yeye huingiza mkono mfukoni akitafuta kadi. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho wa wiki. Siku nyingine alikuwa mfuaji katika chumba cha kufulia cha hospitali, chumba kirefu chenye madirisha yaliyolowa, ambamo mvuke haukuisha tangu asubuhi hadi jioni. Alinyanyua mashuka yaliyojaa maji, akayatupa kwenye toroli, akalisukuma toroli karibu mbio hadi kwenye mashine ya kukamua, akarudi. Wenzake walipokuwa wameegemea ukuta, yeye alikuwa bado anaimba.

Na hapo ndipo shaka yake ilipopata miguu. Mtu mwenye ugonjwa wa kifua angewezaje kubeba mashuka mabichi kutwa nzima bila kukohoa hata mara moja? Kama kifua ni kibovu, basi ni kibovu kote. Hiki chake kilikuwa kinaharibika uwanjani tu, tena si wakati wa kukimbia. Akikimbia alikuwa mzima, anawapita vijana wa umri wa kuwazaa. Kilimshika akishaketi. Akishapokea chupa.

Aliyeliweka jambo hilo kwenye maneno ni Mshale, kinyozi mwenye miguu mirefu aliyekuwa mshika kibendera wake.

"Dada, mimi si mtu wa maneno," alisema siku moja wakivua viatu, akianza kama waanzavyo watu wa maneno. "Lakini nina macho. Kipindi cha kwanza unakimbia kama swala. Unakunywa, unakohoa. Kipindi cha pili hunywi, unakimbia vilevile, na mpira ukiisha hukohoi. Au nasema uongo?"

Hakuwa anasema uongo. Kipenga aliyapitia yale maneno akitafuta tundu, hakuliona. Kipindi cha pili kilikuwa na jua kali kuliko cha kwanza na miguu iliyochoka zaidi, lakini kipenga cha mwisho kilipolia, kifua kilibaki wazi, au kilibana kidogo tu, kama aibu. Tofauti ilikuwa chupa.

"Na wewe unafikiri ni nini?" aliuliza.

Mshale aliinua mikono. "Nifikirie nini? Mimi nanyoa nywele tu."

Kipenga hakusahau kwamba Mshale naye alikuwa na lake. Mwaka ule mkufunzi wa waamuzi, mzee mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa amemwambia mbele ya wote: "Fainali nakutaka wewe. Hakuna mwanamke aliyewahi kuichezesha, na mimi nimechoka kusikia sababu. Ila mtihani wa mbio uko palepale. Ukikushinda, fainali ni ya Mshale." Kwa hiyo Kipenga alimshuku Mshale kwa kumfanya amshuku wifi yake, kisha akamshuku wifi yake hata hivyo. Moyo ukishafungua mlango huo, wageni hawaji mmoja mmoja.

Sababu hazikukosekana. Wifi yake alikuwa amerudi kwa kaka yake baada ya ndoa kuvunjika, na sanduku moja na ulimi usiolala. Alilala chumba cha watoto. Aliwahi kusema, akicheka, kwamba hajaona ukoo ambao mwanamke anavaa kaptula na baba mwenye nyumba anabaki kuosha vyombo. Lakini ni yeye huyohuyo aliyejitolea kubeba begi la refa kila mechi, akakaa kwenye benchi la mbao, akawatukana mashabiki waliomtukana wifi yake. Mtu wa namna hiyo unamweka upande gani?

Kipenga alikuwa na kumbukumbu iliyojibu swali hilo kabla hajaliuliza. Mama yake, enzi za uhai, alikuwa akipandisha ndoo ya maji mlimani asubuhi za baridi. Alipanda vizuri, mgongo umenyooka. Akifika juu huitua ndoo, huketi kwenye jiwe karibu na mlango, na hapo ndipo kikohozi kinapomkuta, kirefu, kikavu, mpaka machozi. Wifi yake, yaani shangazi yake Kipenga, alikuwa akitoka ndani na kikombe. Mama alikipokea na kumwaga akigeuziwa mgongo. "Huyu ndiye," alimnong'oneza binti yake. "Hajawahi kunipenda. Amenifunga kifua." Mama alikufa bila kusemezana na shangazi, na Kipenga alikua akipita mbele ya nyumba ile bila kugeuza shingo. Alipewa chuki ile kama wengine wanavyopewa kanga za marehemu: hakuichagua, lakini ilimtosha.

Alimweleza shaka yake mumewe, fundi baiskeli, aliyekuwa amelala chali chini ya tairi.

"Dada yangu?" Mume alicheka mpaka spana ikamwanguka. "Dada yangu hawezi kutia chumvi kwenye sufuria bila kutangaza mtaa mzima. Aweke sumu na anyamaze? Siku ngapi?"

"Unamtetea kwa sababu ni damu yako."

"Namtetea kwa sababu namjua. Nenda hospitali, mke wangu. Unafanya kazi mlemle ndani, unafua makoti ya madaktari, halafu unaugua kama mtu wa porini."

Hakwenda. Hospitali aliiona kwa upande wa mashuka, na mashuka hayampi mtu hamu ya kulala juu yake. Badala yake alifanya uchunguzi wake. Alificha maji yaliyobaki kwenye chupa, akayamwagia ua la kopo lililokuwa dirishani, akalitazama asubuhi na jioni. Ua likanawiri kwa dharau. Likatoa na chipukizi. Kipenga alikaa mbele yake akafikia uamuzi kwamba kuna vitu vinavyodhuru watu na kupendwa na maua.

Siku moja kabla ya mtihani, alasiri, Kipenga na wifi yake walikuwa sebuleni wakikunja nguo. Wifi alisema, bila kuinua macho, "Kesho nitaweka ndimu mbili. Mtihani si mchezo."

"Kesho usije."

"Kwa nini?"

"Na maji usinitengenezee."

Wifi aliliweka chini shati la kaka yake, akalinyoosha kola. "Sema yote, wifi. Umeanza, malizia."

"Kila nikinywa maji yako, kifua kinabana. Nisipokunywa, napona. Wewe ungefikiri nini?"

Wifi akacheka, kicheko kifupi kisichofika machoni. "Ningetaka kukuua ningehangaika na ndimu? Ningekuacha ule unachopika mwenyewe."

"Sifanyi utani."

"Na mimi sifanyi." Aliinuka. "Nimekaa kwenye benchi lile, msumari umenichana gauni, nimeitwa mama wa refa kipofu, kwa ajili yako. Asante, wifi. Nimeshiba."

Tangu jioni ile alipika kwenye sufuria yake ndogo, akala amewapa mgongo. Mume alitazama sufuria mbili jikoni na hakucheka tena.

Asubuhi ya mtihani ilikuwa kavu na baridi. Vumbi lililala chini, pumzi za watu zilionekana. Kipenga alikuja peke yake. Chai alijichemshia mwenyewe, kwa maji aliyoyachota mwenyewe, na tangu hapo hakutia kitu mdomoni. Hata mate aliyameza kwa kuyafikiria. Waamuzi walipangwa kwenye mstari; mkufunzi akapiga filimbi; wakaondoka. Ilikuwa kwenda kwa kasi na kurudi kwa kasi, tena na tena, mdomo wazi, hewa baridi ikiingia kama maji ya mto. Alikuwa wa mbele. Mshale alikuwa nyuma ya bega lake, akihema.

"Mapumziko mafupi!" mkufunzi alipiga kelele. "Kisha sehemu ya pili."

Kipenga alisimama, mikono kiunoni, akatabasamu. Hakuna chupa. Hakuna wifi. Akavuta pumzi ndefu ya ushindi, na ile pumzi ikakutana na unyoya nyuma ya koo.

Kikohozi kilimkunja. Safari hii hakikuwa na huruma hata kidogo. Kilimpigisha magoti kwenye nyasi kavu, na mluzi wa kifuani ukasikika hadi kwa wengine. Mshale alikuja mbio na chupa yake. "Kunywa, dada!" Kipenga aliisukuma kwa kiwiko, maji yakamwagika mchangani. Huku akitafuta hewa, akili yake ilikuwa inahangaika kutafuta mtu. Chai? Alipika mwenyewe. Kikombe? Alikisuuza mwenyewe. Nani alipita jikoni? Nani aligusa viatu? Alimtazama Mshale, akamtazama mkufunzi, akaitazama hata ile nyasi. Washukiwa walimwishia mmoja mmoja, hadi akabaki na yule aliyekuwa amepiga magoti.

"Huwezi kuendelea," mkufunzi alisema kwa upole ambao haukumfaa. "Kuna mtihani wa marudio kabla ya fainali, kwa walioumwa. Njoo na karatasi ya daktari. Bila hiyo, usije."

Daktari wa kifua alikuwa mtu mwembamba ambaye Kipenga alizijua kola za makoti yake kuliko uso wake. Alimsikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari za ndimu na ua la dirishani, na hakucheka. Alimpulizisha kidude cha kupimia pumzi, chenye mshale, akamtuma apande na kushuka ngazi za nje kwa mbio, akamkalisha, akampulizisha tena mara kadhaa, na kila mara mshale ule ulifika chini kuliko mwanzo.

"Haya, leo umekunywa maji ya nani?" aliuliza.

"Sijanywa ya mtu yeyote."

"Basi tumwachie wifi yako aende."

Kipenga hakukubali kirahisi. Alikuwa amezoea wachezaji wanaojiangusha. "Kwa nini ninaposimama? Kama ni mbio, si inikamate mbioni?"

"Nitakwambia tunachofikiri, maana yote hatuyajui," daktari alisema. Aliegemea meza. "Pua kazi yake ni kuipasha hewa joto na kuilowesha kabla haijashuka. Ukikimbia, pua haitoshi, unafungua mdomo. Hewa nyingi, kavu, baridi, inakwenda moja kwa moja. Njiani inanyonya maji kwenye utando wa ndani wa mirija ya pumzi. Maji yakipungua, chumvi iliyopo inazidi ukali, na chembe fulani za mwili zilizokaa pale zinashtuka, zinamwaga kemikali. Kemikali hizo zinaiambia misuli inayozunguka mirija: kaza. Hilo linachukua muda kidogo, na unapohema sana mirija huwa inavutwa wazi. Ukisimama, uvutaji umekwisha, na kukaza kunashinda."

"Na baridi?"

"Wapo wanaosema baridi nayo ina lake. Mirija inapoa ukikimbia, ukisimama inapata joto ghafla, mishipa midogo ya damu inavimba, njia inakuwa nyembamba. Wengine wanatazama ule utando wenyewe: kwamba hewa kavu na vumbi, mwaka hadi mwaka, vinauchubua. Inawezekana kwako ni vyote kwa pamoja. Sitakudanganya kwamba nimeona ndani."

Kipenga alimkazia macho. Mtu anayekiri kutojua alimtia mashaka kuliko anayejua. "Na kipindi cha pili? Sikohoi kipindi cha pili."

"Mirija ikishabana mara moja, kwa watu wengi hutulia kwa muda. Ukikimbia tena karibuni, haibani sana. Labda zile kemikali zinakuwa zimepungua. Labda ni kitu kingine."

"Labda, labda. Na kufulia? Kule nakimbia na toroli kutwa."

Daktari alimuuliza, "Kule kwenu hewa ikoje?"

Kipenga aliyaona madirisha yale yaliyolowa, kuta zinazotoa jasho, mvuke uliomganda kwenye nyusi. Hewa ya kule hakukuwa na haja ya kuilowesha. Ilikuwa maji tayari, na moto tayari. Ushahidi wake wote alioupanga kwa uangalifu ulikuwa umekaa pale mezani, uleule, bila kupungua hata mmoja, ukimshtaki mtu mwingine.

"Kwenu kuna mwenye kifua?" daktari aliuliza akiandika. "Tabia hii ya mirija kushtuka upesi mara nyingine hutembea kwenye familia."

Ndoo ikatua. Mama akaketi kwenye jiwe. Shangazi akatoka na kikombe.

"Mama," Kipenga alisema. "Alifikiri ni wifi yake."

Daktari aliendelea kuandika. Kipenga alitazama mikono yake iliyochakazwa na sabuni, akafikiria kwamba alikuwa amerithi vitu viwili, na kimoja tu ndicho chenye dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa ya kuvuta mdomoni kabla ya mbio, na ushauri: apashe mwili moto polepole kwa muda mrefu, mbio fupifupi na kupumzika, afunge mtandio mdomoni asubuhi za baridi. Alifanya vyote kwa kushuku vyote. Mtihani wa marudio ulipofika, alipumzika katikati akiwa ameduwaa, anakisikiliza kifua chake kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango. Hatua zilikuja, zikasimama kizingitini, zikarudi. Alifaulu. Mshale alimpa mkono, akasema, "Nilijua si wifi," na Kipenga akaubana ule mkono kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani aliomba radhi kwa namna aliyoiweza: aliondoa sufuria ndogo jikoni, akaificha.

"Iko wapi sufuria yangu?" wifi aliuliza.

"Nilikosea, wifi. Ni kifua. Daktari amesema ni hewa."

"Hewa." Wifi alilionja lile neno. "Kwa hiyo hewa umeiomba radhi?"

"Nakuomba wewe."

"Nimesikia." Lakini siku ya mechi iliyofuata alikuwa benchini, na chupa. Mapumziko yalipofika, kabla ya kumpa, aliifungua mwenyewe, akanywa mafunda mawili makubwa, akangoja uwanja mzima umwone, kisha akaikabidhi. Hakuombwa. Mechi iliyofuata akafanya vilevile, bila neno, na kila mara Kipenga alipokea chupa iliyokwisha kuonjwa kama chakula cha mfalme mwoga. Alijaribu kumwambia aache. "Usalama kwanza," wifi alijibu.

Fainali ilijaza watu mpaka juu ya kuta. Kipenga alipiga filimbi ya mapumziko na kutembea kuelekea benchini, akiwa bado na mazoea yake mabaya: kumtazama kila mtu mikono. Mshale alikuwa anafuta kibendera. Mkufunzi alikuwa anakuna kitambi. Wifi alikuwa amekwisha simama, kizibo kinafunguka, chupa inapanda mdomoni mwake.

Kipenga akaruka hatua ya mwisho, akaipokonya. Maji yakawalowesha wote wawili. Akaielekeza juu na kunywa, mfululizo, koo likipanda na kushuka, hadi chupa ikabonyea. Kisha akasimama, anasikiliza kifuani. Unyoya ulikuwepo. Ulitikisika kidogo, ukalala.

Wifi alikuwa anamtazama, mkono bado uko hewani. "Hukunusa," alisema.

"Sikunusa."

"Mjinga wewe." Alijipangusa maji kidevuni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kukunja nguo, kicheko kikamfika machoni. "Leo nimesahau chumvi, na hata hukujua."

Kipenga akairudisha chupa, akaingia uwanjani.